Ebola imefikaje huko? Maswali yanayoulizwa mara kwa mara kuhusu kufuatilia ueneaji wake kwa binadamu

Kila mlipuko mpya unapotangazwa, maswali huwa yale yale. Tumeyakusanya hapa na kuyapa namba ili jibu moja liweze kukupeleka kwa jingine. Mwenye haraka asome swali la 5 na la 11 kwanza.

## Mambo ya msingi

1. Kufuatilia ueneaji wa Ebola ni kufuatilia nini hasa?

Ni kufuatilia watu. Virusi vya Ebola havipeperuki hewani kutoka kijiji hadi kijiji, wala havibebwi na mbu. Vinahama kwa kugusa majimaji ya mwili wa mgonjwa, yaani damu, matapishi, kinyesi na shahawa, na kwa kugusa maiti ya aliyekufa kwa ugonjwa huo. Kwa hiyo anayeuliza "Ebola iko wapi?" ajue anauliza mambo manne kwa mpigo: nani aliugua, nani alimuuguza, nani alimwosha alipofariki, na hao wote wako wapi leo.

Mtu haambukizi mpaka dalili zianze, na dalili huanza kati ya siku ya 2 na ya 21 tangu kuambukizwa. Hizo wiki tatu ndizo zinazoumiza kichwa. Mtu anaweza kupanda basi akiwa mzima kabisa, akapokelewa na ndugu, akala nao, na homa ikaja siku ya kumi.

2. Ni nchi zipi zimewahi kuwa na wagonjwa wa Ebola?

Milipuko mingi imetokea Jamhuri ya Kidemokrasia ya Kongo, Uganda, eneo ambalo leo ni Sudan Kusini, Gabon na Kongo-Brazzaville. Guinea, Liberia na Sierra Leone ziliingia kwa kishindo kati ya 2013 na 2016. Côte d'Ivoire ilipata mgonjwa mmoja mwaka 1994, mtafiti aliyempasua sokwe aliyekufa katika msitu wa Taï, alipona. Kisha zipo nchi zilizofikiwa na msafiri, au na mhudumu wa afya aliyerudishwa kwao kutibiwa: Nigeria, Mali, Senegal, Afrika Kusini, Marekani, Uingereza, Italia. Hispania ilishuhudia muuguzi wake akiambukizwa akiwa kazini huko huko nyumbani.

Yote yalianza 1976, na yalianza kwa kosa la ramani. Mwaka huo watu waliugua Nzara, Sudan (wagonjwa 284, vifo 151), na karibu wakati huo huo Yambuku, kaskazini mwa Zaire, ambayo leo ni Jamhuri ya Kidemokrasia ya Kongo (wagonjwa 318, vifo 280). Mwanzoni ilidhaniwa kuwa ni mlipuko mmoja uliovuka mpaka. Baadaye maabara zikaonyesha ni virusi vya aina mbili tofauti, kila kimoja kikiwa kimezuka kivyake. Jina la Ebola lilitokana na mto ulio katika eneo la Yambuku. Kijiji chenyewe kiliepushwa kubeba jina hilo.

3. Aina za virusi zina uhusiano gani na ramani?

Mkubwa. Aina iitwayo Zaire ndiyo ya milipuko mingi ya Kongo, na ya Gabon na Afrika Magharibi. Aina ya Sudan ndiyo iliyoua watu 224 Gulu na wilaya nyingine za Uganda mwaka 2000 na 2001, akiwemo Dkt. Matthew Lukwiya wa hospitali ya Lacor, na ndiyo iliyorudi Mubende 2022 na Kampala 2025. Aina ya Bundibugyo ilijulikana kwa mara ya kwanza magharibi mwa Uganda mwaka 2007.

Chanjo ya Ervebo hukinga dhidi ya aina ya Zaire peke yake. Ndiyo maana mlipuko ukizuka Uganda, wataalamu hawatulii mpaka maabara iseme ni aina gani.

4. Je, Ebola imewahi kuthibitishwa Tanzania, Kenya, Rwanda au Burundi?

Hapana. Wengi huichanganya na Marburg, ambayo ni ndugu yake wa karibu. Kagera ilipata Marburg mwaka 2023, na tena Biharamulo mwanzoni mwa 2025. Rwanda iliipata 2024, wagonjwa 66. Kenya iliwahi kuwa na Marburg 1980 na 1987, katika eneo la Mlima Elgon.

Huwa tunakumbushwa pia ya Septemba 2019, pale Shirika la Afya Duniani lilipotoa taarifa ya hadharani kulalamika kwamba halikupewa maelezo ya kutosha kuhusu mgonjwa aliyeshukiwa Dar es Salaam. Serikali ilisema hakuna Ebola. Kwenye orodha za milipuko, Tanzania haimo.

## Inavyosafiri

5. Ebola inahamaje kutoka mji mmoja hadi mwingine?

Chukua mlipuko wa Kivu Kaskazini na Ituri, kwa sababu ndio uliotokea katikati ya wasemaji wa Kiswahili na ndio unaofundisha zaidi. Ulitangazwa tarehe 1 Agosti 2018, kitovu kikiwa Mangina. Aliyechora duara kuzunguka Mangina alitarajia ugonjwa utanuke kama doa la mafuta kitambaani. Haukufanya hivyo. Uliruka.

Uliingia Beni. Huko vituo vidogo vya tiba vya mitaani, ambavyo kila mama huvikimbilia mtoto akishikwa na homa, vikawa njia panda: watoto waliopelekwa kwa malaria wakatoka na Ebola. Kisha ukashuka Butembo na Katwa, miji ya wafanyabiashara ambao leo wako hapa na kesho wako Ituri au mpakani Kasindi. Ukarudi Mabalako, eneo la Mangina ulikotoka. Ukaenda Mandima, Mambasa, Komanda. Ukiitazama ramani hiyo kwa umbali wa kilomita, utaona vurugu tupu. Ukiitazama kwa barabara ya soko, kwa piki za abiria na kwa ukoo, kila mruko una maelezo yake.

Juni 2019 familia moja ilivuka kutoka Kongo kuingia Kasese, Uganda, baada ya kumzika babu aliyekufa kwa Ebola. Mtoto wa miaka mitano ndiye aliyethibitishwa kwanza, kisha mdogo wake na bibi yao. Mwezi uliofuata mchungaji aliyetoka Butembo aliwasili Goma kwa basi akiwa mgonjwa. Siku tatu baadaye, tarehe 17 Julai, mlipuko ulitangazwa kuwa dharura ya afya ya kimataifa. Agosti ugonjwa ukaibuka Mwenga, Kivu Kusini, mbali kabisa na kitovu: mama mmoja aliyekuwa kwenye orodha ya waliokutana na mgonjwa Beni alikuwa amesafiri na watoto wake.

Hakuna hata mmoja kati ya hao aliyekuwa "akieneza ugonjwa". Mmoja alikwenda mazishini, mwingine alikuwa akirudi safari, mwingine aliwaondoa wanawe mahali pa hatari. Kufikia mwisho wake, tarehe 25 Juni 2020, mlipuko ulikuwa umepata wagonjwa 3,470 na kuua watu 2,287.

6. Kwa nini Afrika Magharibi ilifikia wagonjwa zaidi ya 28,000 ilhali milipuko mingine mingi huishia kwenye makumi?

Ilianzia Meliandou, kijiji cha Guéckédou nchini Guinea, Desemba 2013, kwa mtoto mdogo. Haikutambuliwa mpaka Machi 2014. Miezi mitatu hiyo ilitosha, kwa sababu Guéckédou iko kwenye kona ambapo Guinea, Liberia na Sierra Leone zinakutana, na watu wa kona hiyo huoana, huuziana na kuzikana bila kujali mpaka uko wapi. Mazishi ya mganga mmoja wa jadi huko Kailahun yanahesabiwa kuwa ndiyo yaliyoufungulia ugonjwa mlango wa Sierra Leone.

Halafu ukaingia miji mikuu: Conakry, Monrovia, Freetown. Mitaa ya mabanda mjini haina kiongozi anayejua nani kalala nyumba ipi, kama ilivyo kijijini. Waliokufa katika nchi hizo tatu ni zaidi ya 11,300.

Lakini mji peke yake hautoshi kuwa sababu. Lagos ni mkubwa kuliko miji hiyo mitatu. Julai 2014 msafiri kutoka Monrovia alitua huko akiwa mgonjwa, na mmoja wa waliokutana naye akakimbilia Port Harcourt. Nigeria ilimaliza kwa wagonjwa 20 na vifo 8, kwa sababu watu karibu 900 waliokutana na wagonjwa walitembelewa majumbani siku baada ya siku. (Namna inavyofanyika: swali la 9.)

7. Joto hupimwa mpakani na uwanja wa ndege. Mbona bado watu wanapita?

Kipimajoto kinaona homa, hakioni virusi vilivyolala. Rudi swali la 1 uone zile siku 21. Tena aliyezidiwa na homa anaweza kumeza dawa ya kuishusha, na asiyetaka kusimamishwa hupita kwenye njia za panya, ambazo kati ya Kasindi na Bwera, upande wa Uganda, hazihesabiki.

Yule mchungaji wa Goma alipita vizuizi vitatu vya afya barabarani, na wizara ya afya ya Kongo ilieleza kuwa aliandikisha majina tofauti. Hata hivyo vizuizi si bure. Vinamfanya dereva wa basi ajue la kufanya abiria akitapika, na vinaacha orodha ya waliosafiri pamoja, inayosaidia kuwatafuta baadaye.

8. Si bora kufunga mipaka tu?

Shirika la Afya Duniani hushauri isifungwe, na mashauri hayo yana mantiki ya kazi hii hii. Mpaka uliofungwa hauzuii safari, unaihamishia porini, mahali ambapo hakuna wa kukuandika jina. Uganda iliweka karantini ya ndani Mubende na Kassanda mwaka 2022, watu wasitoke wala kuingia. Hiyo ni tofauti na kufunga nchi, na hata hivyo ugonjwa ulikuwa umeshafika Kampala.

## Kazi ya ufuatiliaji

9. Waliokutana na mgonjwa hutafutwaje?

Mgonjwa akithibitishwa, timu hukaa naye, au na ndugu zake kama amefariki, na kumuuliza alikuwa wapi tangu homa ilipoanza. Alilala kwa nani? Nani alifua shuka? Alisali wapi, alipanda piki ya nani? Kila jina huingia kwenye orodha, na kila aliye kwenye orodha hutembelewa kwa siku 21. Asipopata dalili, anaachiwa. Akipata, anapelekwa kupimwa siku hiyo hiyo, na orodha yake mwenyewe inaanza.

Ndiyo ramani yenyewe hiyo. Ile ya rangi unayoiona mtandaoni ni kivuli chake tu.

Kazi hii hufa pale watu wanapoacha kuamini anayegonga mlango. Butembo na Katwa, Februari 2019, vituo vya matibabu vilishambuliwa ndani ya juma moja, na Aprili daktari wa Shirika la Afya Duniani aliuawa Butembo. Wengi mitaani waliiona Ebola kama biashara: miaka mingi wamechinjwa na makundi yenye silaha bila msafara wa magari kuja, leo magari yamejaa kwa ajili ya homa. Hoja hiyo haikuwa ya kijinga, na timu zilizoidharau zilipoteza majina mengi.

10. Kuna tofauti gani kati ya anayeshukiwa, anayedhaniwa na aliyethibitishwa?

Anayeshukiwa ana dalili na mazingira yanayotia mashaka. Aliyethibitishwa amepimwa maabara na virusi vikaonekana. Anayedhaniwa, kwa kawaida, ni yule aliyekufa na kuzikwa bila sampuli kuchukuliwa, lakini uhusiano wake na mgonjwa anayejulikana uko wazi.

Hapo ndipo takwimu za vyombo viwili vya habari zinapogongana bila yeyote kusema uongo. Mubende 2022: mmoja anaandika wagonjwa 142, mwingine 164. Wa kwanza amehesabu waliothibitishwa, wa pili ameongeza 22 waliodhaniwa.

11. Katika takwimu zote za taarifa ya siku, niangalie ipi?

Usianze na jumla ya wagonjwa. Jumla haiwezi kufanya lolote ila kupanda. Tafuta hii: kati ya wagonjwa wapya wa wiki hii, ni wangapi walikuwa tayari kwenye orodha ya kufuatiliwa? Wagonjwa kumi wapya ambao wote walikuwa wakitembelewa kila asubuhi ni habari afadhali kuliko wagonjwa watatu ambao hakuna aliyekuwa akiwajua. Hao watatu wana maana kuna mnyororo mzima unaoendelea gizani.

Ya pili ni waliofia nyumbani. Kila anayefia nyumbani ameuguzwa na mikono mitupu, na pengine ameoshwa. Ya tatu ni siku ngapi zilipita kati ya homa kuanza na mgonjwa kutengwa.

12. Maabara hujuaje kama mlipuko mpya umetoka kwa ule wa zamani au kwa mnyama?

Kwa kusoma mpangilio wa vinasaba vya virusi. Virusi vinapopita kutoka mtu hadi mtu hubadilika kidogo kidogo, kama hadithi inayosimuliwa na wengi; ukilinganisha mabadiliko hayo unapata ukoo wake.

Juni 2020, Kivu ikielekea kumaliza, Ebola ilizuka Mbandaka, mkoa wa Équateur. Wengi walisema imesafiri kwa mto au ndege kutoka mashariki. Vinasaba vikakataa: haikutoka Kivu. Mlipuko wa Bulape, Kasai, wa Septemba hadi Desemba 2025, ambao ulikuwa wa 16 kwa Kongo, nao ulionekana kuwa umetoka upya kwa mnyama, ingawa Kasai hiyo hiyo iliwahi kupata Ebola 2007 na 2008. Popo wanaokula matunda ndio wanaoshukiwa zaidi kuhifadhi virusi.

Lakini wakati mwingine jibu huwa la kushtua zaidi. Soma swali la 16.

## Kusoma ramani

13. Nukta kwenye ramani ina maana mgonjwa aliambukizwa pale?

Mara nyingi hapana. Inaweza kuwa mahali anapoishi, mahali homa ilipomwanzia, au hospitali alikogunduliwa, na ramani nzuri husema ni kipi kati ya hivyo. Kampala, Januari 2025: mgonjwa wa kwanza kuthibitishwa alikuwa muuguzi ambaye kabla ya kufariki alitafuta tiba Wakiso, Mbale na Kampala. Ukihesabu sehemu alizopita, mtu mmoja amechafua ramani mpaka karibu na Kenya. Ukihesabu alipogunduliwa, ni nukta moja.

Kongo, rangi hupakwa kwa zoni ya afya, yaani eneo moja la utawala wa huduma za afya. Zoni inaweza kuwa na msitu mkubwa usio na mtu. Eneo pana lililopakwa rangi nyekundu huenda lina mgonjwa mmoja, na kipande kidogo cha mjini usichokiona bila kukuza picha kina mia.

14. Eneo lisilo na nukta ni salama?

Ni eneo lisilo na taarifa, na hayo ni mambo mawili. Mubende ilikuwa haina nukta hata moja kabla ya tarehe 20 Septemba 2022, ilhali watu walikuwa wamekufa vifo visivyoeleweka huko Madudu wiki kadhaa kabla. Uliza kwanza: kutoka hapo, ni tahadhari ngapi za watu wanaoshukiwa zimepigwa wiki hii, na sampuli ngapi zimepimwa? Eneo linaloleta tahadhari nyingi na majibu hasi linafanya kazi yake. Eneo kimya lililopakana na mlipuko ndilo la kuogopa.

15. Taarifa za kuaminika hutoka wapi?

Wizara ya afya ya nchi husika ndiyo inayotangaza. Maabara za kuthibitisha ni INRB, taasisi ya taifa ya utafiti wa tiba ya Kinshasa, inayoongozwa na Profesa Jean-Jacques Muyembe aliyefika Yambuku mwaka ule wa 1976, na UVRI, taasisi ya utafiti wa virusi ya Uganda iliyo Entebbe. Shirika la Afya Duniani na Africa CDC, kituo cha Umoja wa Afrika cha kudhibiti magonjwa, huchapisha muhtasari. Sauti ya WhatsApp ya "daktari mmoja wa Goma" isambazwe kwa nani? Isisambazwe.

## Maswali ya pembeni

16. Mlipuko uliotangazwa kuisha unawezaje kurudi?

Mwisho hutangazwa baada ya siku 42, yaani 21 mara mbili, tangu mgonjwa wa mwisho apimwe mara mbili na kuonekana hana virusi, au tangu azikwe. Aprili 2020 Kivu ilibakiza siku chache tu kufika, mgonjwa mpya akathibitishwa Beni, hesabu ikaanza upya.

Zaidi ya hapo, virusi vinaweza kujificha katika mwili wa aliyepona, hasa kwenye shahawa. Mwanzoni mwa 2016 Guinea ilipata wagonjwa waliotokana na mtu aliyekuwa ameugua zaidi ya siku 500 kabla. Na mwaka 2021, eneo la N'Zérékoré, wagonjwa 23 waliibuka, na vinasaba vyao vilifanana mno na vya mlipuko wa 2014. Mwaka huo huo Butembo ilipata wagonjwa 12 waliounganishwa na mlipuko wa 2018. Kwa hiyo asili ya mlipuko inaweza kuwa mbali kwa miaka na si kwa kilomita, jambo ambalo hakuna ramani ya kawaida inayolionyesha.

Tafadhali, jibu hili lisitumike kuwanyanyapaa waliopona. Matukio haya ni machache sana, na wengi wao ndio walioingia vyumba vya wagonjwa kuwalea watoto ambao hakuna mwingine angethubutu kuwagusa.

17. Mtu mmoja anatosha kuitwa mlipuko?

Ndiyo. Luweero, Uganda, 2011: msichana mmoja. Beni, Agosti 2022: mgonjwa mmoja. Mmoja aliyethibitishwa maana yake kuna aliyemwambukiza, au mnyama, na kuna waliomuuguza.

18. Nimeona orodha inayotaja Urusi na Ufilipino. Ni kweli?

Urusi na Uingereza ziliwahi kupata maambukizi ya maabara, mtafiti akijichoma sindano. Hayo huandikwa kando na hayahesabiwi kama ueneaji. Ufilipino ni kuhusu aina ya Reston, inayoua nyani. Wafanyakazi kadhaa waliwahi kukutwa na kingamwili zake bila kuugua, na mpaka sasa haijulikani kumletea binadamu ugonjwa. Ramani ya Ebola kwa binadamu inayoipaka Ufilipino rangi ile ile ya Butembo imekosewa.